Sura ya Tano: Refa Peke Yake Hajaona Marudio

Viwanja vingi vya vijijini Nachingwea na Ruangwa havina nyavu. Kuna milingoti miwili ya miti, wa tatu juu yake kama umepatikana, mstari wa goli umechorwa kwa majivu au kwa ncha ya jembe, na nyuma ya goli ni wazi: mikorosho, njia ya baiskeli, watoto waliokaa tayari kuukimbilia mpira. Ukitazama mechi kwenye uwanja wa namna hiyo utaona kwamba ugomvi unaochelewa kuisha kuliko wote hauhusu kuotea wala penalti. Ni ugomvi wa mpira uliopita kwa kasi karibu na mlingoti. Upande mmoja unaapa umepita ndani, upande wa pili unaapa umepita nje. Refa alikuwa nyuma ya mchezo, akihema, na sasa anawasoma watu nyuso zao kutafuta nani anadanganya. Watoto walio nyuma ya goli walikuwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote, lakini kila mmoja wao ana timu yake.

Ugomvi kama huo ndio uliozaa wavu. John Alexander Brodie, mhandisi wa Liverpool, aliona Everton ikinyimwa goli ambalo yeye aliamini limeingia, akabuni kitu cha kuudaka mpira ukishapita kati ya milingoti. Mwaka 1891 nyavu zikaanza kutumika kwenye mechi kubwa za Uingereza. Leo tunauona wavu kama sehemu ya goli, tunausifia unavyotikisika, tunasahau kwamba uliletwa uwanjani kumsaidia refa. Ndiyo teknolojia ya uamuzi iliyofanikiwa kuliko zote, na mafanikio yake yana sababu mbili. Wavu unamwonyesha kila mtu jambo lile lile kwa wakati mmoja: mshambuliaji, kipa, refa, mama anayeuza miwa pembeni. Na wavu una bei ambayo hata timu ya kata, ikichangishana msimu wa korosho, inaweza kuifikia.

Ninaibeba mizani hiyo katika sura nzima. Watu wanapobishana kama VAR, yaani video ya kumsaidia refa, inaukuza mpira au inauharibu, kwa kawaida wanahesabu makosa yaliyosahihishwa upande mmoja na furaha iliyokatizwa upande wa pili. Mimi nauliza mambo mawili: je, mashine hii inamwonyesha kila mtu kile inachokiona? Na je, wote wanaocheza shindano moja wanaipata?

Swali la pili lina uzito wa pekee Ruangwa. Miaka kumi na tano iliyopita hapa palikuwa mji wa korosho na ufuta ambao shabiki wa Dar es Salaam asingeweza kuuonyesha kwenye ramani. Kisha Namungo FC, timu yenye jina la eneo la Namungo lililomo wilayani Ruangwa, ikapanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2019/20. Simba na Yanga zikalazimika kufunga safari ya kusini hadi Uwanja wa Majaliwa, uliopewa jina la Kassim Majaliwa, mbunge wa zamani wa Ruangwa aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025. Msimu huo huo wa kwanza Namungo ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, iliyochezwa Sumbawanga Agosti 2, 2020. Ilifungwa na Simba 2-1, lakini kwa kuwa Simba ilikuwa tayari bingwa wa ligi, tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikaenda Ruangwa. Wauaji wa Kusini, kama Namungo inavyoitwa, wakaitoa Al Hilal ya Obeid kutoka Sudan, wakaitoa Primeiro de Agosto ya Angola kwa jumla ya mabao 7-5 katika mechi mbili zilizochezwa zote Dar es Salaam baada ya sakata la vipimo vya korona kule Luanda, na wakaingia makundi pamoja na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana. Huko makundini walipoteza mechi zote. Hilo haliwapunguzii kitu. Timu ya wilaya ilikuwa imefika mahali ambapo klabu nyingi za miji mikubwa ya Afrika hazijawahi kufika.

Kumbuka sasa mazingira ambamo mchezaji wa timu ya namna hii anajifunzia kazi. Kona inapigwa Ruangwa. Ndani ya boksi kuna watu kumi na wanne au kumi na watano, wameshikana jezi, wanasukumana viwiko, beki amemkumbatia mshambuliaji kiunoni. Refa wa kati anaweza kuzitazama jozi mbili, labda tatu. Mshika kibendera anatazama mstari. Beki mwerevu anajifunza upesi upande ambao jicho la refa halifiki, anaishi kwa ujuzi huo misimu mitano, na anasifiwa kwa ugumu wake. Halafu anapanda ndege kwenda kwenye mashindano ya Afrika ambako kila jozi ina kamera yake. Mkono ule ule uliompa sifa nyumbani unampa mpinzani penalti ugenini. Hasara hii haitajwi sana katika mijadala yetu. Nchi inayocheza ligi yake bila video inawafundisha wachezaji wake tabia ambazo video itawaadhibu nazo.

Lakini kabla ya kuililia VAR ije, tuitazame ilipotufanyia kazi, au ilipokataa kutufanyia.

Aprili 5, 2024, uwanja wa Loftus Versfeld, Pretoria, marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kati ya Mamelodi Sundowns na Yanga. Mechi ya kwanza Dar es Salaam ilikuwa 0-0. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki akaachia shuti la mbali. Mpira ukagonga mtambaa panya, ukashuka chini, ukadunda, ukarudi uwanjani. Wachezaji wa Yanga wakainua mikono. Mwamuzi, Dahane Beida wa Mauritania, aliendelea na mchezo huku chumba cha video kikikagua, na jibu likaja kwamba si goli. Hakuitwa kwenda kwenye skrini. Mechi ikaisha 0-0, ikaenda kwenye matuta, Sundowns ikashinda 3-2. Yanga iliandika malalamiko rasmi CAF.

Tuusogelee mpira ule. Sheria inataka mpira wote uvuke mstari wote, iwe ardhini au hewani. Mpira wa namba tano una upana wa takriban sentimita 22. Ukidunda mahali ambapo robo yake bado inaning'inia juu ya chokaa, si goli, hata kama sehemu yake inayogusa ardhi imedunda ndani. Kulijua hilo kwa uhakika unahitaji kamera iliyokaa sawasawa na mstari wa goli, haijasogea mbele wala nyuma. Kamera ikiwa mita chache pembeni, mpira ulio hewani unaonekana umeingia zaidi au kidogo kuliko ukweli, kwa sababu jicho linaupima dhidi ya nyasi zilizo nyuma yake badala ya zile zilizo chini yake. Mashine maalumu ya mstari wa goli, ile inayotetema kwenye saa ya refa, iliidhinishwa mwaka 2012, miaka miwili baada ya shuti la Frank Lampard dhidi ya Ujerumani katika Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Loftus usiku ule haikuwapo. Waamuzi wa video walikuwa na picha za televisheni tu, na kanuni yao inasema uamuzi wa uwanjani usibadilishwe bila ushahidi ulio wazi.

Nimeyatazama marudio yale kutoka kila upande nilioweza kuupata, na naamini mpira ulivuka. Hata hivyo naweza kuelewa jinsi mtu aliyeketi ndani ya chumba kile, akiwa na picha ya pembeni na sekunde chache, angesema hana uhakika. Nisichoweza kukikubali ni kimya kilichofuata. Hakuna aliyetoka kwenda kuwaambia watazamaji: picha tulizonazo ni hizi, kamera yetu ilikaa hapa, kwa hiyo hatukuweza kubadilisha. Mahali pa maelezo pakajaa tuhuma, na tuhuma zilikuwa na pa kushika: rais wa CAF tangu 2021 ni Patrice Motsepe, ambaye familia yake ndiyo mmiliki wa Sundowns. Hilo halithibitishi kwamba uamuzi ulipindishwa, wala sidai hivyo. Lakini mfumo unaofanyia kazi yake ndani ya chumba kilichofungwa, katika shindano lenye uhusiano wa namna hiyo, ulipaswa kuwa wa kwanza kufungua mlango. Kwa mizani ya wavu, Loftus VAR ilianguka swali la kwanza. Mashine iliona kitu ambacho watu wote wa Afrika Mashariki waliokuwa mbele ya televisheni waliona pia, ikatoa jibu tofauti, na haikusema kwa nini.

England walikwishaonja hilo. Septemba 30, 2023 Luis Diaz wa Liverpool alifunga dhidi ya Tottenham, mshika kibendera akasema ameotea, na mtu wa video akaona vizuri kabisa kwamba hakuwa ameotea. Ila alidhani uamuzi wa uwanjani ulikuwa goli. Akatamka kwamba ukaguzi umekamilika, mchezo ukaendelea, goli halali likapotea kwa sababu ya watu wawili kutoelewana kwa maneno. Tofauti na Pretoria ni kwamba siku chache baadaye sauti za chumbani zilitolewa hadharani, kila mtu akasikia jinsi kosa lilivyotokea, hata hofu iliyoingia sautini walipogundua. Goli la Liverpool halikurudi. Lakini watu walijua wamekosewa na nani na kwa namna gani.

Katika Kombe la Dunia la Wanawake la 2023, kule Australia na New Zealand, waamuzi walitangaza wenyewe kwa kipaza sauti, uwanja mzima ukisikia, kwa nini wamebadilisha uamuzi baada ya kutazama skrini. Ni jambo dogo na rahisi, na lingeweza kuwa sharti tangu siku ya kwanza.

VAR, kwa wale ambao wanaijua kwa jina tu, iliingia rasmi katika sheria za mpira mwaka 2018 ikiwa na kazi nne: magoli, penalti, kadi nyekundu za moja kwa moja, na mchezaji kuadhibiwa kwa kosa la mwingine. Nje ya hayo haikuruhusiwa kusema. Na hata ndani ya hayo kuna matundu. Fainali ya AFCON iliyochezwa Rabat Januari 18, 2026 ilichezeshwa na Mkongo, Jean-Jacques Ndala. Dakika za nyongeza Senegal ilitia mpira wavuni, lakini filimbi ya faulo ilikuwa imeshalia kabla mpira haujaingia. Filimbi ikishalia, mchezo umekufa, na video haina goli la kukagua. Dakika chache baadaye video ile ile ikamwita refa kuwapa Morocco penalti, na wachezaji wa Senegal wakatoka uwanjani kwa hasira. Matukio mawili yaliyofuatana, jicho moja, na sheria ikaliruhusu kuliona moja tu. Wiki mbili kabla, Taifa Stars iliyofika hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia ilifungwa 1-0 na wenyeji hao hao, na mwishoni mchezaji wetu alipoanguka ndani ya boksi refa hakwenda kwenye skrini. Mtanzania aliyezitazama mechi zote mbili ana haki ya kuuliza skrini ile inaitwa kwa kipimo gani.

Sitaki kuonekana naipinga video. Ukitaka kujua dunia bila video ilikuwaje, rudi Radès, Tunisia, Mei 31, 2019, fainali ya Ligi ya Mabingwa kati ya Espérance na Wydad Casablanca. Walid El Karti alifunga kwa kichwa, goli likakataliwa, Wydad wakadai video, wakaambiwa mashine imeharibika. Walikataa kuendelea kucheza na kombe likaenda kwa wenyeji usiku ule. Wydad hawakugoma kwa sababu teknolojia ipo. Waligoma kwa sababu ilitangazwa ipo, ikahitajika, haikuwapo.

Na kuna maumivu ambayo ni ya haki. Mei 25, 2025, uwanja wa Amaan, Unguja, Simba ikiwa imefungwa 2-0 na RS Berkane katika mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho, Steven Mukwala alitia mpira wavuni kipindi cha pili na kisiwa kikalipuka. Video ikalifuta goli kwa kuotea. Mechi ikaisha 1-1. Shabiki wa Simba aliyepiga kelele kisha akarudishiwa kelele yake kooni anajua gharama ya VAR kuliko mtaalamu yeyote. Siku hizi mfungaji mwenyewe anashangilia nusu, anageuka kumtazama refa kama ameshika sikio. Ni hasara ya kweli. Furaha ya goli ni ya ghafla kwa asili yake, na hakuna namna ya kuirudisha nzima dakika tatu baadaye.

Naikubali hasara hiyo pale kosa lilipo wazi. Pale ambapo mstari unachorwa hadi ncha ya kiatu, siikubali. Hesabu yenyewe si ngumu. Kamera nyingi za televisheni huchukua picha 50 kwa sekunde. Mshambuliaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde husogea sentimita 16 kati ya picha moja na inayofuata. Pasi imetoka mguuni wakati gani hasa, kwenye picha hii au ile? Mtu anachagua. Akichagua picha ya pili badala ya ya kwanza, mshambuliaji amesogea karibu robo tatu ya upana wa mpira. Halafu tunaambiwa ameotea kwa sentimita tatu. Ligi Kuu ya England ililiona tatizo na msimu wa 2021/22 ikanenepesha mistari ili mshambuliaji apewe nafuu ya shaka. Kombe la Dunia la 2022 likalitatua kwa fedha: kamera kumi na mbili chini ya paa kwa ajili ya kuotea pekee, na kifaa ndani ya mpira kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde. Kila hatua kama hiyo inauongeza usahihi na inaisogeza Ruangwa mbali zaidi.

Na hapo ndipo lilipo swali la pili.

Katika bajeti ya mwaka 2024/25 serikali, kupitia kwa Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba, ilipendekeza msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifaa vya VAR. Ilikuwa hatua njema, na mashabiki waliipokea kama ahadi kwamba siku za kulalamikia waamuzi zinahesabika. Agosti 2025 mashindano ya CHAN yakachezwa kwetu, Kenya na Uganda, yakiwa na video, na Watanzania wakaiona ikifanya kazi kwenye nyasi zao. Lakini VAR kamili inataka umeme usiokatika, nyaya, chumba au gari lenye skrini, fundi wa kuendesha marudio, waamuzi wawili au watatu wa ziada waliofuzu, na idhini ya FIFA. Kwa Uwanja wa Mkapa na Amaan jambo hilo linawezekana. Swali ni nini kinatokea kama linaishia hapo. Tutakuwa na ligi moja yenye haki za daraja mbili: pointi zilizopatikana Dar es Salaam chini ya kamera, na pointi zilizopatikana Ruangwa chini ya macho ya mtu mmoja aliyechoka. Mwisho wa msimu zinajumlishwa kwenye jedwali moja. Timu inayonyimwa penalti Mkapa inarudishiwa. Timu inayonyimwa penalti Majaliwa inashuka daraja.

Mgawanyiko huu umeanza hata bila mashine. Dabi ya Kariakoo kati ya Simba na Yanga iliyoahirishwa Machi 2025 ilipokuja kuchezwa Juni 25, waamuzi waliletwa kutoka Misri. Naelewa sababu, imani ilikuwa imeisha. Ila hakuna atakayewaleta Wamisri kwa ajili ya mechi ya Namungo ya kukwepa kushuka daraja, ingawa kwa mtu wa Ruangwa mechi hiyo ni kubwa kuliko dabi.

Nachingwea wana historia yao na mitambo mikubwa. Kati ya 1947 na 1951 Waingereza walichagua Kongwa, Urambo na Nachingwea kulima karanga kwa mashine. Walileta matrekta, mengine yakiwa ni vifaru vya vita vilivyogeuzwa, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, wakapoteza zaidi ya pauni milioni 35. Karanga hazikuota kama ilivyokadiriwa, reli ikang'olewa baadaye, na mkulima wa kusini akaendelea na jembe. Vifaa vilikuwa bora kabisa kwa zama zake. Waliovileta hawakuuliza udongo wa mahali unabeba nini, nani atavitengeneza vikiharibika, na mvua ikichelewa itakuwaje. Maswali hayo hayo yanafaa kuulizwa kabla ya kontena la kwanza la VAR halijafunguliwa.

Ukweli ni kwamba video tayari inaamua mambo Ruangwa, ila inaamua kwa kuchelewa. Azam imekuwa ikiionyesha Ligi Kuu tangu 2013, na kamera zake zinafika Majaliwa. Refa akikosea dakika ya 60, dakika ya 61 kosa limerudiwa kwa taratibu mbele ya kila kibanda umiza kuanzia Nachingwea mjini hadi Liwale. Muuza kahawa ameliona. Kocha aliye kwenye benchi ameletewa kwenye simu. Mtu mmoja tu katika nchi hii hajaliona: yule mwenye filimbi. Anaendelea kuchezesha nusu saa nzima akiwa hajui kwamba taifa limeshamhukumu, na uwanja unaanza kumtukana kabla yeye hajajua sababu. Siku chache baadaye picha zile zile zinafika mbele ya kamati ya Bodi ya Ligi, ile tunayoiita ya saa 72, na refa anafungiwa kwa kushindwa kutafsiri sheria. Timu iliyoonewa haipati chochote. Goli halirudi, pointi hazirudi. Refa kijana aliyepanda ngazi kutoka ligi ya wilaya kwa miaka mingi anarudishwa nyumbani kwa kosa ambalo angelisahihisha mwenyewe kwa sekunde ishirini kama angeruhusiwa kutazama kile ambacho muuza kahawa alitazama.

Hoja yangu kubwa ya kutaka video Ruangwa ni hii. Mpira wetu una picha. Tunachokosa ni ruhusa na utaratibu wa kumpa refa picha hizo wakati bado zina faida.

Utaratibu huo upo. Kwa ligi zisizo na kamera nyingi FIFA ilianza mwaka 2024 kujaribu mfumo wa bei nafuu, ikiwemo katika Kombe la Dunia la Wanawake chini ya miaka 20 kule Colombia, na baadaye ligi ya daraja la tatu ya Italia ikaupokea. Hauna chumba wala waamuzi wa video. Kando ya uwanja kuna skrini moja na mtu wa kurudisha picha. Kila kocha ana maombi mawili. Akiona ameonewa katika goli, penalti, kadi nyekundu au mchezaji kuchanganywa na mwingine, anazungusha kidole hewani, anampa mwamuzi wa akiba kadi ya ombi, na refa anakwenda kujitazamia mwenyewe. Ombi likifaulu, kocha anabaki nalo. Likishindwa, limekwenda.

Naupenda mfumo huu kuliko VAR kamili, na si kwa bei yake tu. Unaweka uamuzi mikononi mwa refa badala ya sauti isiyoonekana sikioni mwake. Unamlazimisha kocha achague: kulalamikia kila kona kama ilivyo desturi ya benchi zetu, au kutunza ombi lake kwa jambo analolijua. Unakata mjadala wa sentimita tatu, kwa sababu hakuna kocha atakayepoteza ombi kwa ncha ya kiatu. Na goli likifungwa uwanja unashangilia bila kusubiri chumba, na benchi la pili likitaka kubisha, linabisha waziwazi mbele ya watu wote. Kasoro zake zipo. Kamera chache hazioni kila kitu, na mpira kama ule wa Aziz Ki ungeweza kuzishinda. Kocha mjanja atalitumia ombi la mwisho kuua muda timu yake ikiongoza dakika ya 88. Kasoro hizo naziona ndogo kuliko ya kuwa na ligi yenye haki za daraja mbili.

Wako wanaosema tusubiri hadi tuweze kuleta kitu kamili viwanja vyote. Wengine wanatazama Sweden, ambako klabu zenye wanachama wenye sauti ya mwisho zimeikataa VAR kabisa, wanasema nasi tubaki na makosa ya binadamu. Nawaheshimu Waswidi kwa kuwa walikataa kwa wote, kuanzia bingwa hadi timu ya mkia. Sisi hatujakataa. Tunataka kuanza na viwanja vya wakubwa.

Kazi iliyo ngumu zaidi ni ya watu. Kusoma picha ni ujuzi tofauti na kukimbia na filimbi: kujua mwendo wa taratibu unaufanya kila mguso uonekane wa makusudi, kujua kamera iko upande gani, kujua lini useme sijaona cha kutosha na kuuacha uamuzi wa kwanza. Mafunzo hayo hayahitaji kontena kutoka nje. Mechi za Majaliwa za misimu yote tangu 2019 zimerekodiwa. Chama cha waamuzi mkoani Lindi kikipewa rekodi hizo, skrini moja na ukumbi wa shule wakati wa likizo, waamuzi wa Nachingwea, Ruangwa na Liwale wanaweza kuanza kusimamisha picha, kubishana na kupiga kura juu ya kila kona na kila mkono, mwaka mzima kabla kifaa chenyewe hakijafika bandarini Mtwara.